TUHESABU WAGONJWA, TUSINGOJE KUHESABU MAKABURI

Tangu siku za kwanza za Uhuru taifa letu lilitangaza vita na maadui watatu: umaskini, ujinga na maradhi. Maadui hao hukaa nyumba moja, na anayepigana na mmoja hujikuta anapigana na wote. Leo twataka kusema juu ya maradhi, lakini si juu ya dawa wala juu ya majumba ya hospitali, mambo ambayo kila mwananchi anayajua na kuyadai. Twataka kusema juu ya silaha moja isiyo na mlio, ambayo wengi wetu hatuijui hata kwa jina. Silaha hiyo ni hesabu ya maradhi.

Wataalamu huiita elimu hii epidemiolojia. Jina ni refu, lakini kazi yake yaweza kuelezwa kwa maneno machache. Mganga aketiye zahanatini humwuliza mgonjwa mmoja, "Waumwa wapi?" Elimu hii huuliza juu ya watu wote kwa pamoja: ni nani wanaougua, wanakaa wapi, waliugua lini, wanafanya kazi gani, wanakunywa maji gani, na tena, jambo ambalo watu husahau, ni nani ambao hawakuugua, na ni kitu gani kiliwakinga. Majibu hayo yakikusanywa na kupangwa, maradhi ambayo yalionekana kama mkosi ulioangukia nyumba hii na ile huanza kuonyesha njia yake. Na adui ambaye njia yake imejulikana aweza kuzuiwa.

Msomaji asidhani kwamba haya ni mambo ya maabara za Ulaya. Mkoa wa Lindi peke yake watosha kutupa ushahidi. Mkulima wa Milola, anayelima korosho na ufuta wake bara ya mji wa Lindi, anaishi katikati ya habari ambazo waganga wa dunia nzima huzisoma vitabuni. Tena zinamhusu yeye kabla ya kumhusu mtu mwingine yeyote.

Tuchukue habari ya Julai 2022. Katika wilaya ya Ruangwa, jirani ya wilaya ya Lindi, wagonjwa wawili waliripotiwa tarehe 5 na tarehe 7 kutoka kituo cha afya cha Mbekenyera. Walikuwa na homa, kichwa kikiwauma, mwili umeishiwa nguvu, na damu ikiwatoka puani. Mara hofu ikatanda. Wengine walitaja Ebola, wengine wakataja mambo ya gizani. Serikali ilipeleka wataalamu, damu ikapimwa, ikaonekana kwamba haikuwa Ebola, wala Marburg, wala Uviko. Tarehe 18 Julai Waziri wa Afya, Bibi Ummy Mwalimu, alilitangazia taifa kwamba maradhi yale yalikuwa leptospirosisi, ambayo kwa lugha yetu yaliitwa homa ya mgunda, yaani homa ya shambani. Mpaka siku hiyo wagonjwa walikuwa 20, na watatu kati yao walikuwa wamefariki dunia.

Vijidudu vya homa hiyo hukaa ndani ya figo za panya na za wanyama wengine, wa porini na wa kufugwa. Hutoka pamoja na mkojo wao, huingia katika maji na matope, na humwingia binadamu kupitia mchubuko wa ngozi, au macho, au kinywa. Basi mtu aliye hatarini ni yule anayesimama matopeni miguu mitupu, anayekunywa maji ya dimbwi, na anayehifadhi mavuno yake mahali panapochezwa na panya. Nani huyo, kama si mkulima? Na dawa yake ipo: ni dawa za kawaida za kuua vijidudu, ambazo humsaidia sana mgonjwa zikitolewa mapema.

Twaomba wasomaji watazame mwanzo wa habari hii. Ulianza na wagonjwa wawili. Watumishi wa Mbekenyera hawakungoja wawe ishirini ndipo wapeleke habari. Kama wale wawili wangeandikwa "malaria" ili kumaliza kazi ya siku, wangepewa vidonge vya malaria, wangerudi nyumbani, na wengine wangeendelea kuugua mmoja mmoja bila mtu yeyote kujua kwamba maradhi ni yale yale. Kalamu na daftari la kituo kimoja cha kijijini ndivyo vilivyoliamsha taifa zima. Mtumishi wa afya anayejaza daftari lake kwa uaminifu analinda watu kama askari anavyolinda mpaka, na yafaa aheshimiwe hivyo.

Habari ya pili ni ya zamani kidogo, nayo inatoka huko huko kusini. Mwaka 1952 na 1953, katika nyanda za juu za Makonde, watu waliangushwa na homa ya ghafula iliyoambatana na maumivu makali ya viungo, hata mgonjwa akawa hawezi kunyoosha mgongo. Wenyeji waliyaita maradhi hayo kwa neno la Kimakonde lenye maana ya kukunjamana, nalo ndilo jina ambalo dunia nzima hulitumia mpaka leo: chikungunya. Daktari Marion Robinson, aliyekuwa akifanya kazi Lulindi, na Daktari Lumsden wa taasisi ya virusi ya Entebbe, waliyachunguza na kuyaandikia mwaka 1955. Waliuliza maswali yale yale tuliyoyataja: nani, wapi, lini. Na njia ya maradhi ikaonekana. Nyanda zile hazina maji karibu. Watu walikuwa wakiyafuata mbali na kuyaweka akiba majumbani. Na mbu waenezao virusi hivyo walizaliana katika vyombo vile vile vya maji, ndani ya nyumba za watu.

Miaka hamsini baadaye, mwaka 2004, chikungunya ilizuka Lamu, pwani ya Kenya. Ilikuwa wakati wa ukame, na watu walikuwa wakiweka maji ya akiba. Uchunguzi ulikadiria kwamba robo tatu ya watu wa kisiwa kile waliambukizwa. Kutoka pwani yetu maradhi yakavuka bahari, na mwaka 2005 na 2006 yakakishika kisiwa cha Réunion, ambako karibu theluthi moja ya watu waliugua.

Makonde na Lamu zinafundisha somo moja. Shida ya maji ilileta maradhi ambayo mtu wa kawaida hawezi kuyahusisha na maji. Daktari anayemtibu mgonjwa mmoja wa viungo hawezi kuliona jambo hilo. Linaonekana tu pale wagonjwa wengi wanapohesabiwa na mahali pao kuandikwa. Na likishaonekana, si kazi ya daktari tena peke yake. Ni kazi ya Bwana Maji, ya diwani, ya mbunge, na ya mwenye nyumba ambaye hana budi kufunika mtungi wake.

Wako watakaosema kwamba kuhesabu hakuponyi mtu. Hao twawajibu kwa habari ya ndui. Maradhi hayo yalipofusha na kuua watu kwa karne nyingi, na chanjo yake ilikuwapo tangu mwisho wa karne ya kumi na nane, lakini ndui haikwisha. Chanjo ya watu wengi ilipunguza maradhi. Iliyoyang'oa mizizi yake ni kazi ya kuwatafuta wagonjwa kijiji kwa kijiji, kumwandika kila aliyeonekana, kuwatafuta wote waliomkaribia, na kuwachanja hao na majirani zao, mpaka ndui ikakosa mtu wa kumrukia. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alionekana Oktoba 1977 katika mji wa Merca, Somalia, na mwaka 1980 dunia ikatangaza kwamba ndui imekwisha. Chanjo bila hesabu ilipigana miaka mingi bila kumaliza vita. Ilipoungana na hesabu, vita ilikwisha.

Sasa twaja kwenye jambo zito zaidi, ambalo hasa ndilo lililotufanya tuandike. Maradhi ya mlipuko hupiga kelele, na kelele zake humwamsha kila mtu. Lakini viko vifo ambavyo havina kelele. Hutokea kimoja hapa, kingine kule. Watu huzika, hulia, huomba dua, na kurudi shamba. Vifo hivyo havionekani kabisa mpaka vihesabiwe. Vya kwanza katika hivyo ni vifo vya akina mama wajawazito na wanaojifungua.

Mwaka 2007 watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika wilaya tano za Lindi na Mtwara, ikiwamo wilaya ya Lindi Vijijini ambamo Milola ilihesabiwa wakati ule. Habari za kaya 226,000 zilichambuliwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Watafiti walipima umbali wa kila nyumba kutoka hospitali, kisha wakalinganisha vifo. Kwa akina mama waliokaa ndani ya kilomita 5 kutoka hospitali, vifo vilivyosababishwa moja kwa moja na uzazi vilikuwa 111 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Kwa wale waliokaa mbali zaidi ya kilomita 35, vilikuwa 422.

Tunaomba msomaji asiipite namba hiyo upesi. Mwanamke wa mjini na mwanamke wa kijiji cha mbali ni Watanzania sawasawa. Wanapiga kura sawasawa na wana haki sawasawa mbele ya sheria. Lakini umbali peke yake ulikwenda pamoja na hatari iliyo karibu mara nne. Mama anayetokwa damu baada ya kujifungua hawezi kungoja lori la korosho lipite. Mama ambaye mtoto amekwama anahitaji kupasuliwa, na kisu hicho kiko hospitalini, wala hakiko njiani.

Tunajua kwamba mambo hayakusimama pale. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015 na 2016 ulikadiria vifo vya uzazi kuwa 556 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Hiyo ni hatua kubwa, na watumishi wa afya pamoja na Serikali wanastahili pongezi. Lakini wastani wa taifa ni wastani. Unachanganya Dar es Salaam na Liwale, anayekaa mlangoni pa hospitali na anayetenganishwa nayo na mto uliofurika. Swali ambalo mwanachama wa Milola ana haki ya kuliuliza ni hili: je, kushuka huko kumefika kwetu, na kumefika kwa kiasi gani? Swali hilo halijibiwi kwa hotuba. Linajibiwa kwa kuhesabu tena, huko huko Milola, Rutamba na Rondo, na kuwasomea wananchi jibu.

Na hesabu ikishapatikana, lazima fedha ziifuate. Mfano uko katika barabara hii hii ya kusini. Mwishoni mwa miaka ya 1990, wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini zilijaribu jambo lililokuwa jipya: kulinganisha bajeti ya afya na maradhi yanayowaua watu kweli. Huko Morogoro ilionekana kwamba malaria ilichukua asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, lakini katika bajeti ya mwaka 1996 ilipewa asilimia 5 tu. Hakuna mtu aliyekusudia ubaya. Fedha zilikuwa zikigawanywa kwa mazoea ya mwaka uliopita. Wilaya zilipozigeuza fedha zifuate hesabu, na kuongezewa kiasi kidogo tu kwa kila mtu, vifo vya watoto wadogo vilishuka kwa zaidi ya asilimia 40 katika miaka mitano. Hakukujengwa hospitali za dhahabu. Kilichobadilika ni kwamba waliopanga walijua wanapanga dhidi ya nini.

Hatuwezi kumaliza bila kusema juu ya kuficha. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hiyo husemwa kwa mtu mmoja, lakini inafaa vile vile kwa kijiji na kwa taifa. Kufikia mwanzoni mwa Mei 2020 nchi yetu ilikuwa imetangaza wagonjwa 509 wa Uviko na vifo 21. Baada ya hapo hesabu mpya hazikutangazwa kwa zaidi ya mwaka mmoja, mpaka zilipoanza kutolewa tena katikati ya mwaka 2021. Hatuyakumbushi haya ili kuchokonoa kidonda. Tunayakumbusha kwa sababu mahali pasipokuwa na hesabu uvumi huketi kitini, na kila mtu hutibu hofu yake mwenyewe kwa njia aijuayo. Maradhi hayapungui kwa kutotajwa.

Tukatazame upande wa pili. Tarehe 21 Machi 2023 Serikali ilitangaza waziwazi kwamba Marburg imeingia mkoani Kagera. Wagonjwa walikuwa 9, na 6 walifariki. Watumishi wa afya walikuwa miongoni mwa waliougua. Watu zaidi ya 200 waliowakaribia wagonjwa waliandikwa na kuangaliwa siku kwa siku. Tarehe 2 Juni mwaka ule ule ilitangazwa kwamba mlipuko umekwisha. Marburg ni maradhi ya kutisha, hayana huruma. Lakini yalipotajwa kwa jina na kuhesabiwa, hayakutoka nje ya mkoa ule.

Basi ni nani wa kufanya kazi hii? Jibu letu ni kwamba kila mmoja ana sehemu yake.

Mwananchi wa kawaida ana wajibu wa kupeleka habari mapema. Ikiwa katika nyumba mbili au tatu watu wanaugua namna moja, au mbuzi na ng'ombe wanakufa kwa mfululizo, habari hiyo isiishie kisimani wala kwa mtazamiaji. Ifike zahanatini siku ile ile. Wala mtu asione aibu kusema kweli alipokunywa maji au alipolala, kwa maana anayemuuliza hatafuti mkosaji, anatafuta njia ya maradhi.

Viongozi wa Chama mashinani, mabalozi wetu, wanajua kila nyumba. Wanajua nani ana mimba, nani amejifungua, nani amefiwa. Chama kilichoweza kuhesabu wanachama na kura mpaka shina la mwisho hakiwezi kusema hakiwezi kuhesabu watoto waliozaliwa na mama waliofariki. Balozi awe na daftari, na kila kifo cha mama au cha mtoto mchanga kilichotokea nyumbani kifikishwe kwa mganga wa zahanati, ili kisipotee.

Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao Serikali iliuzindua mpango wao mwaka 2024 kwa lengo la kuwapata zaidi ya 137,000 katika miaka mitano, wasigeuzwe kuwa wachukuzi wa mabango wakati wa sherehe. Wao ndio macho ya elimu hii vijijini. Wafundishwe, walipwe kwa wakati, na wapewe vitendea kazi.

Na Serikali, kuanzia halmashauri mpaka Wizara, tunaitaka irudishe hesabu kwa wenyewe. Kwa miaka mingi mkulima ameulizwa maswali, ametolewa damu, amehesabiwa yeye na chandarua chake. Kisha karatasi zimekwenda mjini na yeye hakusikia tena neno. Hiyo si haki, tena si busara, maana mtu asiyerudishiwa jibu huchoka kuulizwa. Mkutano mkuu wa kijiji hukutanika kila miezi mitatu. Katika kila mkutano hesabu ya afya isomwe kwa Kiswahili kinachofahamika: waliougua malaria, waliohara, waliojifungua, waliofariki, na umbali waliosafiri kabla ya kufikia msaada. Kisha wananchi waulize: robo hii tumeshuka au tumepanda, na fedha za robo ijayo zinakwenda wapi?

Zamani ilisemekana kwamba maradhi ni jambo la Mungu peke yake. Hatubishani na imani ya mtu. Tunasema tu kwamba Mungu aliyetupa uhai alitupa na vidole vya kuhesabia. Wale watu watatu waliofariki Ruangwa mwaka 2022 hawatarudi, wala akina mama waliozikwa kabla watafiti hawajapita nyumbani kwao. Lakini kwa kuwa walihesabiwa, vifo vyao vimekwisha kutuonyesha njia mbili ambazo maradhi hupita kusini: tope la shamba, na barabara isiyofika hospitali. Kilichobaki ni kuziziba. Kazi hiyo ni ya kwetu sisi tulio hai, nayo ianze na daftari la mwezi huu.